Kabla ya Kuvunja Bafu

Siku hizo kila ukuta ulihifadhi sauti, na sheria ilikataza kuuvunja kabla haujasikilizwa. Mashavu aliijua sheria hiyo. Mumewe, Hemedi, hakuijua, ndiyo maana alikubali bafu likarabatiwe.

Bi Tunu, msimamizi wa ukarabati, alipima sakafu, akachora mahali pa sinki jipya, kisha akabandika spika ndogo kwenye vigae ili ukuta utoe sauti zake.

Likalia kofi. Likafuata jingine. Kichwa kikagonga sinki, jino likadondoka sakafuni, na sauti ya Mashavu ikalia, "Hemedi, utaniua!" Kipigo cha miaka minne kikamwagika mchana kweupe. Hemedi alilowa jasho. Mashavu alimkazia macho Bi Tunu, akiwaza: leo hatimaye nimepata shahidi.

Bi Tunu alisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake.

"Sheria tumeitimiza, na hakuna bomba linalovuja," alisema. "Sasa bosi, kuta mpya mnataka zinazosikia au viziwi? Wateja wangu wengi huchukua viziwi."

"Viziwi," alijibu Hemedi, na kiganja chake kikatua taratibu kwenye shingo ya mkewe.