Mzomeaji wa Kiti cha Mwisho

Walimkamata kwenye ngazi za kwenda viti vya juu kabisa, kimto chekundu cha kukalia kikiwa kwapani, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Mlinzi mkuu wa ukumbi, ambaye wenzake walimwita Kifua kwa sababu zilizoonekana wazi, alimtazama mara mbili. Alikuwa amejiandaa kupambana na jambazi. Huyu alikuwa bibi wa kushikwa mkono avuke barabara.

"Ni wewe unayemzomea Tarumbeta?"

"Ndiyo," bibi alijibu bila kupepesa macho. "Kwani nimechelewa?"

Tarumbeta, kwa wasiomjua, alikuwa mwimbaji wa opera mwenye ile sauti ya kiume inayopanda juu mpaka msikilizaji anaanza kuzihofia taa za darini. Wanakwaya huiita sauti ya tatu. Kwake ilikuwa ya kwanza duniani, au ndivyo yalivyosema mabango. Wafalme walishasimama kumpigia makofi, na uso wake ulichapwa hata kwenye makopo ya biskuti. Lakini popote alipoimba, wimbo mkubwa ukishakwisha na watu wakiwa wamepagawa kwa shangwe, sauti moja ilitoka juu kabisa, karibu na mlango: "Ziiii!" Mara moja tu, basi.

Magazeti yaliandika mara ni mpinzani wake, mara ni mpenzi aliyeachwa kwenye mataa. Tarumbeta mwenyewe akiulizwa, alicheka na kusema mwacheni, amekata tiketi. Watu walimsifu kwa uungwana huo.

Meneja wa ukumbi hakuwa na uungwana wa kiasi hicho. Alimbembeleza Tarumbeta kwa miaka mpaka akakubali kuja. Paa la ukumbi lilivuja juu ya viti vya wageni wa heshima, na wenye jengo walishaanza kuzungumza na muuza magodoro aliyetafuta ghala. Tarumbeta akipenda mapokezi ya leo, angerudi msimu mzima na ukumbi ungepona. Akiudhika, magodoro yangeingia. Kwa hiyo meneja aliwapigia simu wenzake wa kumbi nyingine, akaelezwa habari za kimto chekundu na kiti cha mwisho, akaapa kwamba leo hapiti mtu.

Bibi alipelekwa ofisini kwa heshima zote, akawekewa chai. Hakuna aliyemuuliza jina. Alipanga kimto chake kwenye kiti, akameza kidonge chake cha presha, akatega sikio kwenye kispika cha ukutani. Kila ofisi ya jengo lile ilikuwa nacho, ili wafanyakazi wajue onyesho limefika wapi.

Kifua, aliyeachwa kumlinda, alishindwa kujizuia. Alimuuliza bibi amekosewa nini na yule mwimbaji.

"Hajanikosea kitu. Ila wote wakimsifu, nani atamkumbusha kwamba bado anajifunza?"

"Bibi, yeye hata hakuoni. Taa za jukwaani zinampofusha, anaona giza tu."

"Ndiyo maana napaza sauti," bibi alisema, akapuliza chai yake.

Kifua akaona hapa kuna uzee tu, hakuna kesi. Tarumbeta alianza kuimba. Bibi aliinamisha kichwa kidogo na kukunja uso.

"Huyu hajala," alisema.

Kifua alicheka mpaka akashika mlango. Katika kazi yake alishakutana na wakorofi wa kila aina, lakini mkorofi wa kusikia njaa ya mtu kupitia kispika alikuwa mgeni kwake. Alimwongezea chai. Alikuwa ameanza kumpenda.

Kisha ukaja wimbo mkubwa. Sauti ilipanda, ikapanda tena pale ambapo ulidhani imefika mwisho, ikakaa huko juu imetulia. Kifua, ambaye nyumbani alisikiliza mpira tu redioni, alisisimkwa mwili mzima. Alipogeuka, bibi alikuwa amesimama.

"Nifungulie mlango, mwanangu. Mara moja tu, narudi."

Kifua alimwambia kwa upole kwamba haiwezekani, yeye ana watoto wa kulisha.

"Basi nenda wewe. Simama karibu na mlango, uvute hivi, ziiii. Uivute hasa, asije akadhani ni panya."

Kifua aligoma. Bibi akakaa tena, lakini mikono yake haikutulia, ikawa inavuta nyuzi za kimto. Kwenye kispika makofi yalilipuka.

Meneja aliingia mbio, tai imekaa upande, uso unang'aa. Hakuna ziii! Hakuna hata mluzi! Alimpiga Kifua begani, nusura amkumbatie na bibi. Msimu mzima, alisema. Na paa jipya.

Makofi yalipungua, yakaisha. Ala za muziki zilianza wimbo unaofuata, zikanyamaza. Zikaanza upya, zikanyamaza tena.

"Mbona haimbi?" meneja aliuliza. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa pale.

Kwenye kispika zilisikika hatua za viatu zikija ukingoni mwa jukwaa. Kisha ikaja ile sauti iliyowafanya watu wapange foleni tangu asubuhi, sasa ikiwa ndogo na kavu kama ya mtu yeyote yule.

"Samahanini. Kuna daktari humu ndani? Naomba apande juu kabisa, kiti cha mwisho karibu na mlango. Mama hajanizomea."