Ubeti wa Sabato

Ubeti ulimjia Mzee Naftali Jumamosi asubuhi, akisali peke yake katika sinagogi ambalo waumini wake wengine wote walikwisha kuhama mji. Ulikuja kwa Kiebrania na mahadhi yake, mtamu kuliko sala zote alizowahi kutunga. Lakini ilikuwa Sabato, na siku hiyo Myahudi haandiki. Basi akarudi nyumbani, akauimba mchana kutwa asiusahau, koo likamkauka, akingoja nyota tatu zitokee, Sabato iishe, ndipo ashike kalamu.

Jioni jirani yake wa ukuta mmoja, Bi Tausi, akaingia na ndizi mbivu.

"Shikamoo, Mzee. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

Shikamoo haiachwi bila jibu.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na ubeti ukamtoka kichwani wote.

Nyota zikatokea, tatu, kisha nyingi. Mzee Naftali akafungua daftari, akaukodolea macho ukurasa mtupu.

Ng'ambo ya ukuta Bi Tausi alikuwa akiosha vyombo huku akiimba. Maneno ya Kiebrania aliyakosea karibu yote, ila mahadhi yalikuwa yale yale. Mzee akasimama, kalamu mkononi, asiandike. Bi Tausi alipofika mwisho, mahali ambapo waumini huitikia, mzee akaitikia.

"Amina."