Mfuko Namba Kumi na Nne

Mfuko namba kumi na nne ulikuwa mzito tena. Mchambuaji wa mabaki ya jikoni aliumwaga mezani, akakuta alichokiogopa: wali wake, mchuzi wake, hata karoti alizokata mwenyewe jana alfajiri. Kuku naye yumo mzima, mifupa tu haimo.

Kumi na nne ni nyumba ya mama yake.

"Hao ndio wateja bwana!" msimamizi alisema akichungulia. "Mifupa wametoa, plastiki hakuna. Wangetenga hivi wote, mbona tungekuwa mbali."

Mchambuaji alivisukumia vyakula vile kwenye mashine ya kusagia pamoja na maganda ya mtaa mzima, vikashuka tangini vikageuke gesi na mbolea.

Miezi mitatu hajakanyaga kwa mama. Kila siku alimpa mwendesha pikipiki hotpoti apeleke, basi, akajiona binti mwema. Mwema gani! Jumapili aliahidi kwenda, Jumapili akalala. Na simu zenyewe alizijaza vilio vyake: mtambo wa gesi una njaa, mabaki hayatoshi, kituo kikifungwa yeye atakwenda wapi? Mama alisikiliza tu, "Pole mwanangu, Mungu atasaidia." Binti hakukumbuka hata mara moja kumuuliza, na wewe mama umekula?

Amenisusa, aliwaza. Na haki yake. Mimi mwenyewe ningesusa.

Jioni ile hakumtuma mtu. Alibeba hotpoti mwenyewe hadi kwa mama, akapiga hodi. Mlango ulipofunguka nusura aiangushe. Mama amekonda, gauni linamning'inia.

"Nisamehe, mama. Nimekutelekeza. Nichape ukitaka, ila usinisusie chakula."

"Nikususie? We mtoto, una wazimu?"

Mama aliipokea hotpoti kwa mikono miwili. Alifunua, akavuta ile harufu macho kayafumba, akameza mate. Kisha aliketi jikoni, akauvuta karibu mfuko wa kesho wenye namba yake, akaanza kumtoa kuku mifupa, mmoja mmoja, nyama akiitia mfukoni.

"Hebu niambie kwanza," alisema bila kuinua kichwa, "huo mtambo wenu umeshiba? Maana kama bado, nitawaongezea na mkate wangu wa asubuhi."