Njano Chini ya Nyeusi

Nilizima mashine ghafla. Gari nililokuwa naling'arisha lilikuwa jeusi, lakini sponji ya mashine ilikuwa na njano.

Nilikuwa naondoa mikwaruzo ya duaraduara kwenye mlango wa dereva, ile inayoachwa na matambara machafu. Karibu na kitasa rangi nyeusi ilikuwa nyembamba, mashine ikaila. Chini yake ukatokeza mstari wa njano wa teksi, urefu wa shibiri, na ndani yake unywele mmoja wa brashi umegandia.

Unywele ule naujua. Niliuacha mwenyewe nilipoichorea teksi ya shemeji mstari wake, akanitania kwamba gari lake limeota ndevu. Huu ni mwezi wa nane tangu atoke nayo asirudi, na dada bado anamwekea chakula mezani.

“Fundi, mbona kimya?” mwenye gari aliuliza kutoka kwenye benchi nyuma yangu.

“Naipumzisha mashine, bosi. Imechemka.”

Benchi lililia. Viatu vyake vikaanza kuja, taratibu.

Nikaufunika mstari kwa kiganja, na njano ikabaki pande zote mbili.