Kuwaaga Nyuki

"Mama, shuka, ama nitakuangusha pamoja na huo mti!" alisema askari aliyetumwa kutoka mjini, kwa adabu yote ya mtu mwenye shoka.

Taplelei alikuwa juu, amekumbatia mzinga wa babu zake, akiwaarifu nyuki kwamba msitu umeuzwa. Kwao, nyuki wasioagwa huua.

"Ngoja, mwanangu. Sijamaliza kuwaaga."

"Nyuki nao wanaagwa?"

"Kwenu hawakukufunza?"

Shoka likatua, mti ukayumba. Mzinga ukaanguka ukapasuka, Taplelei akafuata, mguu wake ukavunjika kama kuni kavu. Nyuki wakamvaa askari uso mzima. Akapiga yowe, akajipiga makofi, akaanguka.

Taplelei akajikokota, akamlalia kumfunika, akaanza upya kuwaaga nyuki kwa heshima zote: "Wanangu, tunahamishwa..."

Nyuki wakatua mgongoni mwake, mmoja mmoja, bila kumuuma.