Supu ya Mgonjwa

Mgonjwa hakuwepo, lakini supu yake ilipikwa kila siku.

Mama Redio aliipokea mlangoni, imefungwa kwa kitambaa safi, huku akiangalia pembeni kama mwizi wa kuku.

"Mama, mpe mgonjwa. Mwambie pole," alisema mke wa mwanawe. Kiswahili cha binti huyo kilikuwa bado kichanga. Kila neno aliliweka chini kama yai.

"Nitamwambia, mwanangu." Akaondoka upesi, dhambi mkononi, ya moto.

Jina la Redio alipewa na mtaa. Alikuwa msusi, na kibarazani kwake habari zilifika kabla ya wenyewe. Nani kaposwa, nani kafukuzwa, nani kanunua kochi na sasa analala chini ili kochi lisichakae: yote aliyajua huku vidole vikisuka. Kisha mwanawe akaoa mgeni, na ndani ya nyumba yake mwenyewe yakazuka mazungumzo asiyoyaelewa. Kila jioni binti alisimama jikoni na simu, akiongea Kiarabu na mama yake, mbio mbio, akicheka. Redio nzima, stesheni haishiki!

"Si ujifunze tu, mama," mwanawe alimwambia siku moja mbele ya wateja.

"Nijifunze mimi? Kwani aliyeolewa ni mimi au yeye? Ulimi wangu huu umezeekea kazi moja."

Kibaraza kizima kilicheka. Binti naye akacheka.

Wiki haijaisha, ndani ya kikapu chake cha vitana akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne: Kiarabu kwa wanaoanza, vitenzi vya wakati uliopo, chumba cha nyuma ya duka la vitabu, saa tisa alasiri. Akadhani kuna mteja kaisahau. Lakini aliyekataa hadharani hawezi kwenda hadharani, kwa hiyo akazua rafiki aliyevunjika mguu. Angejuaje kwamba huyo rafiki atapikiwa supu?

Darasani waliigawana kwa vikombe, mwalimu akipewa cha kwanza. Alikuwa mama mkali, chaki sikioni.

"Aktubu, ninaandika. Taktubu, unaandika. Yaktubu, anaandika. Mambo yanageuka mwanzoni, kama kwenu. Haya, asma'u, ninasikia. Hiyo herufi itoke kooni, mama! Nimekwambia mara ngapi?"

Ajabu ni kwamba yaliingia. Akijifunza kupika mchana, jioni anamsikia binti akisema kwenye simu kwamba anapika. Akijifunza kunywa, jioni binti anakunywa. Na yule wa mbio mbio siku hizi alitamka taratibu, tena akarudia, hata Mama Redio, kajibanza nyuma ya pazia la jikoni, akajisifu kuwa kichwa chake ni sumaku. Halafu anajitazama: mtu mzima, mvi tele, anamnyemelea mtoto wa watu anayeongea na mamake. Sifa zote zinamshuka.

Juzi alisikia neno geni. Nusafiru. Alilirudia njia nzima lisimponyoke hadi darasani.

"Tunasafiri," mwalimu alijibu, akafuta ubao usio na kitu.

"Nani na nani?"

"Uliyesikia ni wewe. Mimi nitajuaje?"

Akajijibu mwenyewe: Wanaondoka. Mwanawe, binti, na mjukuu aliyeota meno mawili juu ya mapaja yake. Ndiyo maana mwanawe alikuwa na pilikapilika zile za makaratasi, hata akamsimamisha na yeye ukutani ampige picha ya kadi ya hospitali. "Usicheke, mama, tazama mbele." Anamwachia kadi, anakwenda zake! Na angemuuliza vipi bila kueleza neno kalisikia wapi?

Leo binti alipompa supu, hakuiachia mara moja.

"Mama, leo mimi nakuja. Namwona mgonjwa."

"Hapana! Huo mguu... mguu hautaki watu."

"Mguu hautaki watu," binti akarudia polepole, kama anayeliweka neno akilini. Akaiachia.

Hapo ndipo moyo ulipomshinda. Darasani hakunywa hata tone. Aliporudi nyumbani alimkuta binti jikoni, simu sikioni, maneno yakitoka moja moja. Safari hii hakujibanza. Alilisukuma pazia.

"Nipe simu, mwanangu. Niseme na mama yako."

Binti aligutuka, akaificha mgongoni. "Hapana, Mama! Mama yangu... baadaye!"

Lakini vidole vilivyofumua nywele ngumu miaka thelathini havishindwi na simu.

"Asma'u," Mama Redio akasema, machozi yakimtangulia. Ninasikia. "Afhamu." Ninaelewa. Vitenzi vikamwishia hapo. Cha kuomba radhi walikuwa hawajafundishwa. Akamalizia kwa lugha yake, liwalo na liwe.

"Mkwe mwenzangu, nisamehe. Mwanao namsikiliza nyuma ya pazia, kila siku. Mgonjwa hayupo. Supu yake tunakunywa wenyewe. Kama mnawachukua wachukueni, lakini wasiniache nikiwa mwongo."

Binti alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili. Kisha upande wa pili wa simu mtu akakohoa.

"Itoke kooni, mama, nimekwambia mara ngapi? Zimebaki wiki tatu mpande ndege nyote, na huyo mkwe mwenzako anakusubiri mwongee. Na mwambie binti supu ya kesho apunguze chumvi."