Kicheche na Msamaha wa Nne

"Anayesamehewa kwa kumtaja mwenzake, kama hana mwenzake atamtaja nani?" Kanga aliuliza barazani.

Desturi ya Hakimu Nyumbu ilikuwa hii: mwizi akimtaja mwizi mwenzake anaachiwa, na aliyetajwa anatupwa bwawani kwa mamba. Mara tatu Kicheche alikamatwa akiwa na mayai ya Kanga, na mara tatu akarudi nyumbani akipiga mluzi. Mara ya nne akamtaja Pelele, mla majani.

"Mimi nililinda njia tu, mheshimiwa," akaapa. "Aliyetoboa mayai yote ni huyu."

"Imetosha," akasema Nyumbu. "Mpelekeni."

"Haitoshi hata kidogo!" Kanga akapaza sauti. "Mayai ni yangu mimi. Pelele, shika hili ulitoboe, tukuone."

Pelele akaling'ata yai ubavuni, likamponyoka. Akajaribu tena, likamponyoka tena. Baraza zima likaangua kicheko, na Kicheche akashindwa kujizuia.

"Bwege wewe! Unaanzia huku kwenye ncha, jino moja tu, halafu unafyonza!"

Kicheko kikakatika. Maganda yote yaliyookotwa kwa Kanga yalikuwa na tundu moja, kwenye ncha.

Pelele akafunguliwa kamba, akafungwa Kicheche. Tangu siku hiyo hakuna aliyehukumiwa kwa neno tu la aliyeahidiwa msamaha.

Nawe unayenisikiliza, ukiitwa kuhukumu, tafadhali muulize shahidi kwanza: ukisema hivyo, unapata nini?